Tope la Grogan hulala Mambrui

KWA Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na nakusihi usiikate sana barua hii, maana jambo lenyewe, la sumu ya betri kutoka Nairobi hadi baharini, nimelibeba miaka na sina ufundi wa kulifupisha. Anayeniandikia ni mjukuu wangu wa kidato cha tatu. Mimi nasema, yeye anaandika, na pale anapoona nimekosea ananirudisha nyuma kama mwalimu.

Nilikuwa fundi wa betri. Nilianza mwaka 1989 kwenye Barabara ya Kirinyaga, jina ambalo sijasikia fundi yeyote akilitumia. Sisi tunaijua kwa Grogan. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka Mambrui, kule pwani karibu na Malindi, na mashati mawili. Niliacha kazi mwaka 2017 mikono iliponigomea. Kibanda changu kiliupa mgongo Mto Nairobi, na kutoka kwenye benchi langu hadi majini zilikuwa hatua kumi na moja. Nazijua kwa sababu ndizo nilizopiga kila jioni nikiwa na ndoo.

Vijana wa leo hawajui kwamba betri ilikuwa ikifunguliwa. Siku hizi ikifa inauzwa skrapu, basi. Zamani ilikuwa na ganda gumu jeusi lililozibwa kwa lami. Tuliipasha moto ile lami, tukainua seli moja moja, tukatoa pleti zilizooza na kutia nyingine. Na chini kabisa ya kila betri iliyozeeka kulikuwa na tope la kijivu, laini kama uji uliolala. Hilo ni madini ya risasi yaliyopukutika kutoka kwenye pleti, kidogo kidogo, miaka yote gari lilipokuwa likirushwa na mashimo ya barabara zetu. Asidi tuliimwaga, tope tukalisuuza, na vyote vikaenda zile hatua kumi na moja.

Nimejaribu kupiga hesabu. Tuseme kila betri iliacha gramu 100 tu za tope. Betri nne kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni kilo 120. Kazi hiyo ya kufungua niliifanya kama miaka 20 kabla betri za plastiki hazijatushinda. Kilo 2,400. Kibanda kimoja, mtu mmoja, tena mtu aliyesifiwa kwa usafi. Na nyuma ya ile barabara sikuwa peke yangu. Kulikuwa na mafundi wa betri wenzangu, kulikuwa na wa redieta waliokuwa wakiziba matundu kwa risasi na bati, kulikuwa na wapaka rangi waliopiga msasa rangi kuukuu hadi vumbi lake likatanda juu ya maji kama ukungu.

Sasa niseme kilichonisukuma. Wiki chache zilizopita msomaji mwenzangu aliwakejeli humu watu wa Pwani wanaolalamikia sumu kwenye tope la bahari. Hoja yake ilikuwa kwamba bahari ni kubwa, inajisafisha yenyewe, na kwamba mambo ya Mombasa yaachiwe Mombasa. Sisi wa Nairobi tuna ya kwetu. Nilicheka. Kisha sikulala.

Ndugu yangu, huo mto uliouvuka kwa matatu asubuhi ulidhani unakwenda wapi? Unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Chiromo, unapita mgongoni mwetu Grogan, unapita Gikomba na Kariobangi, unaupokea Mto Mathare, unapita ubavuni mwa dampo la Dandora, unaunganika na Mto Ngong uliopita Industrial Area, halafu unajitupa kwenye Athi. Athi nao hauishii Ukambani. Unateremka kando ya uwanda wa Yatta, unaingia Tsavo, na ukishachanganyika na Mto Tsavo unaitwa Galana. Ukikaribia pwani, watu wa kwetu wanauita Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na unaingia baharini kaskazini ya Malindi. Kutoka kwenye mlango wake, ukishika ufuo kwenda kaskazini kwa mwendo usiochosha, unafika Mambrui. Huko ndiko alikozikwa mama yangu.

Kwa hiyo kwa miaka 28 nilikuwa nikimwaga ndoo mjini na kuielekeza nyumbani kwa mama.

Na kana kwamba mto haukutosha, risasi nyingine niliipeleka kwa mkono. Kila Desemba, kabla ya kupanda basi, niliyeyusha pleti kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, nikamimina kwenye mchanga uliolowa na kutengeneza chubwi za nyavu. Nilijaza kopo la maziwa. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa kamba pale mlangoni mwa Sabaki, na hakuna zawadi aliyoipenda kuliko hiyo, hata sukari haikuifikia. Watoto walizibana zile ndogo kwenye mishipi kwa meno. Kwa meno, Mhariri. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mgeni nikiwatazama na kuona fahari.

Nilianza kuelewa mwaka 2014 hivi, alipokuja binti mmoja wa chuo kikuu pale nyuma ya vibanda vyetu. Alivaa mabuti ya mvua, alikuwa na kisanduku cha barafu na mifuko iliyoandikwa namba. Alichota tope la ukingoni kwa kijiko cha plastiki. Tulimcheka, tukamwambia ukikosa sepetu sema tukuazime.

“Asante, mzee,” akasema, “lakini cha chuma kitaniharibia hesabu.”

Nikamuuliza mbona achote tope badala ya maji, maana watu wa kupima siku zote walikuja na chupa. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau. Maji ni shahidi wa leo tu. Ukimwaga asidi saa nne, ukija kupima saa kumi hukuti kitu, maji yameshakwenda zake. Risasi haikai majini. Inashikamana na udongo laini, ule wa mfinyanzi, chembe ndogo hata haziumi ukizisaga kati ya vidole, na inatulia chini pamoja nao. Kwa sababu hiyo yeye huchekecha tope lake kwenye chekeche yenye matundu madogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na kupima lililopita. Mchanga mkubwa hauna siri, akasema. (Mjukuu wangu anataka niandike mashapo. Mashapo ni sawa, lakini tope ni tope.)

Nikamuuliza na hiyo risasi inafika baharini? Akasema haifiki kwa siku moja. Kiangazi inalala kwenye kona za mto na nyuma ya mawe. Mvua ya masika ikija inaamka, inasogea, inalala tena mbele. Mafuriko kama yale ya El Niño ya 1997, nami naongeza yale ya Aprili na Mei 2024, yanafanya kwa wiki moja kazi ya miaka. Na huko mwisho, maji ya mto yanapokutana na chumvi, udongo uliokuwa ukielea unagandana na kuzama.

Hapo sikuhitaji mwalimu. Kila mtoto wa pwani ameona tui likikatika. Uliliacha jikoni likiwa laini, jeupe, sawasawa. Likapata moto vibaya, ghafla ni mabonge huku na maji kule. Udongo wa Sabaki unakatika hivyohivyo kwenye mlango wa bahari. Ndiyo sababu bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai msimu wa mvua, na ndiyo sababu pale mlangoni kuna tope jingi na mikoko, na kwa hiyo kamba na kaa na uduvi. Neema yetu na takataka ya Nairobi zinashukia kituo kimoja.

Tope hilo si la jana. Kwenye matumbawe ya Malindi wanasayansi walitoboa tumbawe moja lenye umri wa miaka 300 hivi na kulisoma mstari kwa mstari, kama unavyosoma pete za mti. Madini ya bari, yanayokuja na udongo wa mtoni, yalikuwa kidogo na tulivu kwa muda mrefu, kisha yakaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati walowezi walipoanza kufyeka mashamba ya bara. Hata kabla sijazaliwa, bara lilikuwa linaandika barua zake kwenye bahari yetu. Tumbawe lilizitunza zote.

Na tope nalo lina kurasa zake. Unapiga bomba chini, unalitoa likiwa na tope ndani, unalikata vipande kama keki. La juu ni la juzi, la chini ni la mababu. Cha kuchekesha ni kwamba saa ya kuhesabia miaka ya tope ni risasi yenyewe, aina fulani ya asili inayoitwa risasi 210, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 22 na kitu. Kwa hiyo risasi inaturoga na risasi hiyohiyo inatoa ushahidi mahakamani. Katika nchi nyingi walikosoma tope kwa njia hii wameona jambo moja: risasi inapanda, inapanda, halafu inageuka na kuanza kushuka baada ya petroli ya risasi kupigwa marufuku. Sisi tuliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Nakumbuka wenye magari ya zamani walivyolia kwamba injini zao zitakufa. Hazikufa. Mimi ndiye ningejua, magari yao yalikuja kwangu.

Nalisema hilo kwa sababu kuna watu wakisikia habari za sumu wanakata tamaa, na wengine wanataka bahari yote ichimbuliwe kesho asubuhi. Wote wanakosea. Mfereji ukifungwa kule juu, tope safi huja kulifunika chafu, na chafu likiachwa litulie gizani bila hewa, lile tope jeusi la mikoko linalonuka kama yai viza, harufu hiyohiyo ndiyo inayoikamata risasi na shaba na kadmi, chuma kingine chenye sumu, na kuzifunga. Ukilifukua ovyo ukalipa hewa, vifungo vile vinalegea na madini yanarudi majini. Ukitaka kuchimba kina cha bandari au kujenga daraja, chimba, nchi inahitaji bandari, lakini pima kwanza unachokiamsha na useme utakilaza wapi.

Msomaji mwenzangu alitaja Mombasa kana kwamba ni sayari nyingine. Mombasa wana yao kweli. Wana Makupa, ambako dampo la Kibarani lilikaa ukingoni mwa maji miaka na mikaka kabla ya kufungwa na kupandwa miti. Wana Kilindini na rangi za meli zenye shaba, zinazopakwa ili chaza na magugu yasishike chini ya meli. Zikifanya kazi yake vizuri, basi zinaachia shaba siku zote. Wana Owino Uhuru, kijiji cha Jomvu kilichojengewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ukutani kwake. Watu wa pale walipigana mahakamani miaka hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Nilifuatilia kesi ile neno kwa neno. Betri za wapi, nilijiuliza. Sisi tulikuwa tukiuza maganda na pleti kwa lori lililokuja Alhamisi, tunapima, tunalipwa, hatuulizi.

Lakini Nairobi nayo ina Dandora. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake papa hapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi karibu na dampo lile, na nusu yao damu yao ilikuwa na risasi mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Dampo liko ukingoni mwa mto. Mvua inayolowesha dampo inakwenda wapi, kama si njia ileile ya ndoo yangu?

Na nina kichekesho kingine. Mataifa ya upande huu wa Bahari ya Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini na visiwa vyake, yana mkataba wa kulinda bahari na pwani yao. Ulitiwa saini mwaka 1985 na ukaanza kutumika 1996. Unajua unaitwaje? Mkataba wa Nairobi. Jina la mji usio na bahari! Wavuvi wa Msumbiji na Shelisheli wanatamka jina letu wanapozungumzia usalama wa samaki wao, na sisi hatujui hata mtaro wetu unaishia wapi.

Kuhusu mwili wangu nitasema machache. Nilianza kusokotwa na tumbo 2015. Nilitibiwa taifodi mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja, katika hospitali tofauti, na kila mara nililipa. Kisha mkono wa kulia ukaanza kulegea kwenye kifundo cha kiganja. Nikishika bisibisi inadondoka. Daktari wa nne, kijana mdogo, ndiye wa kwanza kuniuliza, “Mzee, unafanya kazi gani?” Nikamwambia. Akainua mdomo wangu wa juu, akatazama ufizi, akanyamaza. Damu yangu ilikuwa na mikrogramu 38 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 5 mtu atafutiwe chanzo na kiondolewe, na kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Nikauliza itatoka lini. Akasema ya damuni itapungua ukiacha kazi, ila nyingi imeshaingia mifupani, na huko itakaa makumi ya miaka. Ukivunjika au ukizeeka sana mfupa utaiachia polepole. Nilimkumbuka binti wa kijiko cha plastiki. Nikaona nami nina tope langu.

Sasa nifike penye shida, kwa sababu barua hii imenigombanisha na mtu ninayempenda. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyerithi nyavu za mjomba pale Sabaki. Kamba wake wakubwa wanapanda gari la barafu usiku na kufika Nairobi alfajiri. Nilimpigia simu kumweleza ninachotaka kuandika.

“Shikamoo mjomba. Wataka kuandika nini tena?”

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, nikasikia upepo tu.

“Mjomba, mimi nakuheshimu. Lakini ukiandika kamba wa Sabaki wana sumu, nani atanunua? Aliyemwaga yuko Nairobi, atakayelala njaa ni mimi.”

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa kiasi. Sikuandika kwamba kamba wana sumu, na yeyote atakayesoma hivyo amesoma anachotaka. Risasi haiingii sana kwenye nyama ya kamba wala ya samaki. Inapendelea maganda, maini na mifupa. Chaza na kome, wanaochuja maji na kukaa pamoja na kila kinachopita, ndio wanaobeba zaidi, na kwa hiyo popote duniani wakitaka kujua hali ya ufuo huanza na wao. Zebaki ndiyo inayopanda kutoka mdomo hadi mdomo, dagaa kwa samaki, samaki kwa papa, na ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata kule Japani, walipogunduliwa mwaka 1956. Kadmi inakaa kwenye figo za mlaji. Kila chuma kina tabia yake, huwezi kuvitupa vyote kwenye gunia moja na kupiga ukunga. Mimi nala kamba wa mpwa wangu. Nimekula Jumapili.

Ila mpwa wangu ana haki katika lile la pili. Aliyemwaga yuko Nairobi. Na hofu ikija, itakuja kwa tetesi, itashusha bei sokoni kwa wiki moja, na hakuna atakayekuwa na karatasi ya kumtetea. Kinachomlinda mvuvi ni namba inayotolewa kila mwaka, hadharani, kwa Kiswahili, tope la mahali fulani na kamba wa mahali fulani. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ipo Mombasa tangu 1979. Wataalamu wapo, vyombo vipo. Lakini watafiti wetu wakitaka kusema tope hili limevuka mpaka au halijavuka, mara nyingi wanaazima mistari ya Canada au Marekani. Canada inasema risasi ikizidi miligramu 30.2 kwa kilo ya tope kavu la baharini anza kuangalia, na ikizidi 112 tarajia viumbe kudhurika. Namba nzuri, sina ugomvi nazo. Ila zilipimwa kwa viumbe wa bahari za kwao, si kwa kaa wa mikoko ya Ngomeni. Na udongo wetu wa asili una madini yake yaliyotoka kwenye mawe, hata pasipo mtu. Lazima ujue ya Mungu ni kiasi gani ndipo umdai binadamu ya kwake.

Wanaodhani hili ni la wavuvi peke yao wamtazame mnywaji. Maji ya Baricho, yanayopelekwa Malindi na Kilifi hadi Mombasa, yanavutwa kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa Sabaki. Mchanga unachuja vizuri, namshukuru Mungu. Na sasa huku juu kuna bwawa la Thwake, pale Thwake inapokutana na Athi. Bwawa ni nini kwa tope? Ni bahari iliyosogezwa karibu. Maji yanasimama, udongo unazama. Tope la Nairobi litapata kitanda kipya Makueni, na Mambrui itapumua kidogo. Sijui nifurahi au nifanyeje.

Ninachoomba ni kidogo, na kinahusu wiki hii. Mto wetu unasafishwa. Nimeona vijana wengi wakiwa na sepetu na glavu kutoka Grogan hadi Gikomba, nami nawasifu, maana wamepata kazi na wanaifanya kweli. Wanatoa plastiki, matambara, mifupa ya Gikomba, na wanatoa tope. Tope hilo jeusi wanalilundika ukingoni. Pale nyuma ya kibanda changu cha zamani kuna lundo linalonifika kifuani. Ndani yake kuna miaka yangu 28. Vijana wanalikanyaga wakiwa na ndala wakati wa chakula cha mchana, wanalikalia. Mvua moja ya usiku ilipita wiki jana, asubuhi lundo lilikuwa limepungua kwa kiganja kizima, na halikuchukuliwa na lori.

Nilikwenda kwenye ofisi moja inayohusika kuuliza kama tope lile limepimwa na linapelekwa wapi. Nilipelekwa dirisha la tatu, kisha la saba, kisha nikaambiwa nirudi na barua. Hii hapa barua. Naomba lipimwe risasi, kadmi na chuma kiitwacho kromi kabla halijahamishwa, naomba lifunikwe, naomba wale vijana wapewe mabuti na maji ya kunawa kabla ya kula, wapimwe damu, na naomba mahali linapokwenda patajwe, ili wanaoishi hapo nao wajue.

Jumanne nilikuta lori likipakia. Nikamsogelea dereva, nikamsalimu, nikamuuliza mzigo unaelekea wapi.

“Mbele tu, mzee,” akasema, akapandisha kioo.

Nilitaka kuandika namba ya lori. Nilikuwa na kalamu na kipande cha karatasi, lakini mkono wangu hauandiki haraka tena, na alipofika kwenye mzunguko nilikuwa nimepata herufi mbili.

Fundi Betri wa zamani,
Grogan, Nairobi